Inafutika kwa Nini? Istilahi za Vifaa vya Kutilia Alama Kitambaa

1. Utangulizi

Orodha za istilahi zinazoletwa mbele ya Baraza ni za namna nyingi. Ikija orodha ya maneno ya fizikia au ya sheria za bahari, wajumbe hukaa kwa makini, hufungua kamusi, na hukubaliana mapema kwamba kazi itakuwa ngumu. Ikija orodha ya maneno ya ushonaji, wengi hutabasamu. Nani asiyejua mkasi, sindano na uzi? Kwa kuwa kazi inadhaniwa kuwa nyepesi, hufanywa kwa wepesi. Na makosa yanayotokana na wepesi huo hayaonekani kwenye karatasi, bali huonekana kwenye nguo ya mtu.

Ninayo sababu ya kusema hivyo. Wakati fulani niliombwa nipitie tafsiri ya kijitabu cha kufundishia ushonaji kilichokuwa kikitayarishwa kwa ajili ya chuo kimoja cha ufundi. Kijitabu cha asili kilitaja kalamu za aina mbili za kutilia alama kitambaa. Alama ya kalamu ya kwanza huondolewa kwa maji baridi kabla nguo haijapigwa pasi. Alama ya kalamu ya pili huondolewa kwa pasi yenyewe. Mtafsiri alizipa zote mbili jina moja, "kalamu ya kufutika", nami nililipitisha jina hilo bila kusita, maana lilikuwa jepesi, la Kiswahili, na nilidhani kila mtu angelielewa.

Wanafunzi walishona magauni 12 ya kwaya kwa bafta nyeupe. Walichora mistari kwa kalamu ya kwanza, na walipomaliza kushona walifuata maelekezo ya kalamu ya pili. Pasi ilipopita, mistari ya buluu haikutoka. Iligeuka rangi ya kahawia na kubaki palepale, na hata ilipofuliwa kwa sabuni haikuondoka. Mwalimu wao aliandika barua fupi yenye swali moja: kalamu hii inafutika kwa nini? Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani anauliza sababu. Nilipoisoma mara ya pili nikatambua kwamba anauliza kitu: inafutika kwa maji, kwa brashi, au kwa moto? Hilo ndilo swali ambalo istilahi yetu ilipaswa kulijibu, nayo haikulijibu.

Nia ya makala haya ni kueleza vifaa vinavyotumika kutilia alama kitambaa, namna ya kuchagua kati yake, na kisha kupendekeza istilahi ambazo zitamwezesha mtafsiri, mwalimu na mtumishi wa serikali kuvitofautisha. Hoja yetu ni moja: katika uwanja huu, jina la kifaa lisilosema alama yake inatoka kwa kitu gani ni jina pungufu.

2. Kazi ya alama katika ushonaji

Alama zinazotiwa kwenye kitambaa ni za aina mbili, na ni vizuri kuzitenga tangu mwanzo. Aina ya kwanza ni alama za kukatia. Hizi huonyesha mahali mkasi utakapopita. Maisha yake ni mafupi: fundi huchora, hukata, na mstari wenyewe hubaki kwenye ukingo ambao baadaye utafichwa ndani ya mshono. Aina ya pili ni alama za kushonea. Hizi huonyesha mahali marinda yatakapokunjwa, mfuko utakapobandikwa, vifungo vitakapokaa, na kiuno kitakapobanwa. Alama hizo mara nyingi huwa katikati ya nguo, mahali panapoonekana.

Alama ya kushonea ina masharti mawili yanayopingana. Lazima ikae mpaka kazi imalizike, na lazima iondoke kazi ikishamalizika. Kifaa kisichotimiza sharti la kwanza humrudisha fundi kwenye kupima upya. Kifaa kisichotimiza sharti la pili huharibu nguo. Uchaguzi wote wa vifaa vya kutilia alama ni jitihada ya kupatanisha masharti haya mawili.

Lipo pia sharti la tatu, nalo ni wembamba wa mstari. Mstari mnene una kingo mbili, na fundi akikata mara ndani na mara nje ya mstari, vipande havitalingana. Tuchukue mfano wa sketi ya vipande 6. Sketi hiyo ina kingo 12 za kushonwa. Kosa la milimita 2 katika kila ukingo linafikia milimita 24 katika kiuno kizima, yaani karibu inchi moja. Mteja hatajua kuwa chaki ilikuwa butu. Atajua tu kwamba sketi haimkai.

Jambo la mwisho katika sehemu hii linawahusu watafsiri hasa. Kitambaa kina upande wa nje, utakaoonekana nguo ikivaliwa, na upande wa ndani, utakaoelekea mwilini. Mafundi wengi hupendelea kutia alama upande wa ndani. Nimekutana na tafsiri zaidi ya moja zinazomwagiza mwanafunzi atie alama kwenye "upande mbaya" wa kitambaa. Kitambaa kizima hakina upande mbaya, na mwanafunzi mwenye akili atautafuta ubaya huo asiuone. Tuseme upande wa ndani, na maana itakuwa kamili.

3. Kasoro ya neno "kufutika"

Kabla ya kufika kwenye vifaa vyenyewe, inafaa tueleze kwa nini jina "kalamu ya kufutika" lilishindwa, ilhali halina kosa la sarufi.

Kitenzi futa kinapotiwa kiambishi -ik- hupata kauli ya kutendeka. Kauli hiyo hueleza hali ya jambo, au uwezekano wake, bila kumtaja mtenda. Tunasema mlango umefunguliwa na Juma, lakini hatusemi mlango umefunguka na Juma. Hiyo ndiyo sifa ya kauli ya kutendeka: humweka mtenda kando. Katika mazungumzo ya kawaida sifa hiyo ina manufaa yake, maana mara nyingi hatutaki kumtaja aliyevunja kikombe. Tunasema tu kikombe kimevunjika. Katika istilahi za ufundi, kumweka mtenda kando ni kuficha habari ambayo fundi anaihitaji kuliko nyingine zote.

Aidha, kitenzi futa chenyewe si kile ambacho mafundi na wafuaji hulitumia zaidi kwa jambo hili. Alama ya kwenye nguo wao huisema kama wanavyosema doa: imetoka, au imegoma kutoka. Kufuta ni kazi ya ubao na daftari. Tukisikiliza vizuri, Kiswahili kina vitenzi vingi kwa namna alama inavyoondoka: vumbi la chaki hukung'utwa au hupanguswa, sabuni hufuliwa, rangi hufifia, nta huyeyuka, uzi huchomolewa, na mkunjo hunyooka. Kila kitenzi kati ya hivyo kimebeba maelekezo ndani yake. Tulipovikusanya vyote katika "kufutika" tulidhani tunarahisisha, kumbe tulikuwa tunatupa maelekezo.

4. Vifaa na namna vinavyofanya kazi

4.1 Chaki

Neno chaki halina mgogoro, lakini lina utata. Tangu Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki ilipoundwa mwaka 1930, sehemu kubwa ya juhudi za usanifishaji ilielekezwa kwenye vitabu vya shule, na neno chaki limezoeleka zaidi darasani. Afisa ugavi anayesoma katika hati ya maombi "chaki, katoni 5" ataleta chaki za ubaoni, na hatakuwa amekosea. Kwa hiyo katika hati yoyote rasmi ni lazima tuseme chaki ya ubao au chaki ya mshonaji.

Tofauti si ya matumizi tu. Chaki ya ubao hutengenezwa kwa jasi au kwa mawe ya chokaa. Ina umbo la kijiti, na mstari wake ni mnene. Chaki ya mshonaji huwa bapa, yenye ncha au ukingo unaoweza kunolewa kwa kisu, na yenyewe ni ya namna mbili.

Ya kwanza ni chaki ya udongo. Hii hutengenezwa kwa udongo laini au kwa unga wa jiwe la sabuni, ambalo ni jiwe la jamii ileile inayochongwa vyombo na vinyago huko Tabaka, Kisii. Alama yake ni unga uliokaa juu ya nyuzi. Hukung'utwa kwa mkono au hupanguswa kwa brashi. Faida yake ni usalama. Upungufu wake ni kwamba hutoka hata pasipotakiwa, kitambaa kikishikwashikwa mno.

Ya pili ni chaki ya nta. Hii hushika vizuri juu ya sufu, na joto la pasi huiyeyusha ikapotea. Lakini juu ya pamba, hariri na vitambaa vya poliesta huweza kuacha doa la mafuta. Hapa tunaona tena jambo lilelile: chaki mbili zinazofanana kwa umbo na kwa bei, moja huondolewa kwa brashi na nyingine kwa moto, na anayezichanganya ataharibu nguo.

Ama kuhusu rangi, chaki nyeupe ndiyo salama kuliko zote. Chaki nyekundu, buluu na njano zimetiwa rangi, na rangi hiyo huweza kubaki kwenye kitambaa cheupe hata baada ya unga kuondoka. Juu ya kaniki au kitambaa kingine cheusi, chaki nyeupe haina mshindani.

Siku hizi kipo pia kifaa kidogo chenye unga wa chaki ndani na kijigurudumu mdomoni. Kikiburutwa juu ya kitambaa huacha mstari mwembamba sana wa unga, na hakihitaji kunolewa.

4.2 Kipande cha sabuni

Baada ya barua ya mwalimu nilikwenda kuwatazama mafundi wakifanya kazi. Katika baraza ya duka moja mjini Dar es Salaam nilimkuta mzee aliyekuwa akikata suruali ya kitambaa cheusi. Mkononi alishika kipande chembamba cha sabuni kilichokauka, kikali ukingoni kama kisu.

"Shikamoo, mzee. Kifaa hicho mnakiitaje?"

"Marahaba, mwanangu. Hii sabuni."

"Najua ni sabuni, mzee. Lakini ikiwa kazini, jina lake nani?"

Aliniangalia kwa huruma kidogo. "Ikiwa kazini ni sabuni. Na ikitoka kazini nafulia."

Jibu hilo lilinifundisha kwamba si kila kifaa kinahitaji istilahi mpya. Kipande cha sabuni ya mche kilichobaki baada ya kufulia, kikikaushwa vizuri, ni kifaa bora cha kutilia alama vitambaa vya rangi nzito vinavyofuliwa. Mstari wake ni mwembamba, hauumizi nyuzi, na jina lake lenyewe ndilo maelekezo: kinachoondoa sabuni ni maji. Yapo masharti mawili tu. Sabuni isiwe na mafuta ya ngozi au rangi iliyoongezwa, maana hayo huacha doa. Na isitumike juu ya kitambaa kisichoruhusiwa kuingia majini.

4.3 Kalamu

Hapa ndipo penye hatari kubwa, na hapa ndipo pahitajipo istilahi kuliko kwingine. Zipo kalamu za aina tatu zilizotengenezwa kwa wino wa kuondoka, nazo hufanana mno zikiwa mkononi.

Aina ya kwanza huwa na wino wa buluu mara nyingi. Alama yake huondolewa kwa maji baridi matupu. Neno "matupu" ni la lazima, kwa sababu sabuni ya unga huweza kuugeuza wino huo ukawa doa la kahawia au la manjano, na joto la pasi huukaza ndani ya nyuzi. Utaratibu wake ni huu: maji kwanza, sabuni baadaye, pasi mwisho. Utaratibu ukipinduliwa, yatatokea yaliyotokea kwa yale magauni 12.

Aina ya pili huwa na wino wa zambarau mara nyingi. Alama yake hupotea yenyewe kwa kuguswa na hewa, pengine kwa saa chache, pengine kwa siku mbili au zaidi, kutegemea kitambaa na hali ya hewa. Unyevu huharakisha kupotea huko. Hivyo fundi wa Tanga au Mombasa, katika masika, asitegemee kwamba mstari aliouchora jioni atauona asubuhi. Tena, rangi kupotea si sawa na wino kuondoka: masalio yake hubaki katika nyuzi, na nguo ikipigwa pasi kabla ya kusuuzwa alama huweza kurudi.

Aina ya tatu ni kalamu ya wino unaobadilika kwa joto. Kalamu zinazojulikana zaidi za aina hii ni zile za kampuni ya Pilot ya Japani zinazoitwa FriXion, zilizoanza kuuzwa Ulaya mwaka 2006. Zilitengenezwa kwa ajili ya karatasi, lakini washonaji wa nchi nyingi wamezichukua. Joto linapozidi nyuzi 60 za Selsiasi hivi, wino hupoteza rangi. Pasi inazidi joto hilo kwa mbali, na mstari hutoweka mbele ya macho. Hata hivyo wino haukuondoka. Umefanywa usionekane tu. Ukipozwa mpaka nyuzi 10 au 20 chini ya sifuri, rangi huanza kurudi. Kwa mtu wa Morogoro jambo hilo laweza kuonekana la ajabu lisilo na maana. Lakini nguo iliyoshonwa Morogoro ikapelekwa kwa ndugu aliyeko Kanada inaweza kukutana na baridi ya namna hiyo katika majira yao ya baridi, na mistari ikatokea kifuani mwa mvaaji. Juu ya kitambaa cheusi kalamu hiyo ina kasoro nyingine: huweza kuacha mstari hafifu mweupe mahali ilipopita.

Kwa upande mwingine, kalamu ya kawaida ya kuandikia haifai kabisa. Wino wake una mafuta na haukukusudiwa kutoka. Penseli nayo hutumika sana, lakini alama yake ni sugu kuliko watu wanavyodhani. Anayeitumia juu ya kitambaa cheupe aichonge vizuri na achore kwa mkono mwepesi.

4.4 Kijigurudumu na karatasi ya rangi

Mshonaji anapotaka kuhamisha michoro ya kiolezo cha karatasi mpaka kwenye kitambaa, huweka kati yake karatasi iliyopakwa rangi upande mmoja, kisha hupitisha juu yake kijigurudumu chenye mpini. Kijigurudumu chenye meno huacha mfululizo wa nukta. Kisicho na meno huacha mstari. Chenye meno huweza kukwaruza vitambaa laini kama shifoni.

Watafsiri wamezoea kuiita karatasi hiyo kaboni. Ni hatari. Kaboni, kama inavyojulikana na kila karani wa zamani, ni karatasi ya ofisini ya kutolea nakala, na rangi yake haitoki nguoni. Karatasi ya washonaji hutengenezwa kwa rangi nyingine, na hata hiyo lazima ijaribiwe kwanza, kwa kuwa ipo yenye nta na ipo isiyo na nta.

4.5 Uzi

Kwa hariri, mahameli, lesi, na kwa suti za sufu, mafundi hodari hawataki chaki wala wino. Hutia alama kwa uzi. Kiswahili cha pwani kinalo tayari neno la mshono wa muda, wa hatua ndefu na uliolegea: bandi. Kupiga bandi ni kushikiza kwa mshono wa namna hiyo ambao baadaye huchomolewa. Alama ya uzi ni bandi iliyopigwa si kwa kushikiza bali kwa kuonyesha njia.

Ipo pia namna ya kutia alama vipande viwili kwa pamoja. Fundi hupitisha uzi uliokunjwa mara mbili, usio na fundo, katika vitambaa viwili vilivyolazwa pamoja, akiacha kitanzi juu. Kisha huvitenganisha vitambaa polepole na kukata uzi ulio katikati. Kila kitambaa hubaki na vinyuzi vichache mahali palepale. Sharti lake ni kwamba uzi uwe wa rangi inayoonekana lakini isiyochuja; uzi mwekundu unaochuja juu ya bafta nyeupe ni mbaya kuliko wino.

4.6 Alama zisizo na rangi

Mwisho zipo alama zisizoacha chochote juu ya kitambaa. Fundi anayekata kitenge hujua kwamba mstari wa chaki hupotea katikati ya maua na rangi; kwa hiyo hukata mkato mdogo ukingoni, ndani ya sehemu itakayofichwa na mshono. Mikato hiyo ni alama ya uhakika, ila ikizidi kina huingia katika nguo yenyewe. Pini ni alama ya dakika chache. Na ipo alama ya mkunjo: washonaji wa kimono wa Kijapani hutumia kibao kidogo butu, zamani cha mfupa, kinachoitwa hera, wakakibonyeza juu ya kitambaa kikaacha mfuo mwembamba. Neno hera lingeweza kukopwa jinsi lilivyo, maana linafuata matamshi yetu; lakini kwa wengi wetu wasiotenganisha sana r na l, mwanafunzi akiagizwa alete hera ataleta pesa.

5. Namna ya kuchagua

Kutokana na maelezo hayo, anayechagua kifaa cha kutilia alama ajiulize maswali manne, kwa mpangilio huu.

Kwanza, nguo hii itafuliwa kwa maji? Ikiwa haitafuliwa, vifaa vyote vinavyotegemea maji viondolewe katika hesabu, na sabuni ikiwemo.

Pili, kitambaa hiki kinavumilia pasi? Kisichovumilia joto hakiwezi kutiwa alama inayotolewa kwa joto.

Tatu, alama itakaa kwa muda gani? Kazi ya saa moja inaweza kutumia wino upoteao. Kazi itakayolala wiki nzima kabatini itumie uzi.

Nne, alama itakuwa wapi? Ikiwa ukingoni, ndani ya mshono, karibu kifaa chochote kinafaa. Ikiwa kifuani, upande wa nje, ni uzi au chaki nyeupe ya udongo.

Baada ya maswali hayo manne linabaki tendo moja ambalo haliruhusiwi kurukwa: kujaribu. Mabaki ya kitambaa kilekile yatiwe alama, yaachwe kwa muda uleule, kisha yatolewe alama kwa njia ileile. Kwa wino wa joto, kipande hicho kilazwe usiku mmoja katika friji ya kugandishia kabla ya kuaminiwa.

6. Istilahi zinazopendekezwa

Katika kupendekeza tumefuata utaratibu uliozoeleka: kwanza maneno yaliyomo katika Kiswahili na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu, na mwisho kukopa kwingineko. Kwa kalamu tatu tulijaribu kwanza kuunganisha maneno, mathalani "kalamu futamaji". Tuliliacha kwa sababu ya mfano wa maneno yaliyokwishazoeleka. Katika kipimajoto, joto ndilo linalopimwa. Katika pimamaji, maji ndiyo yanayotumika kupimia. Msomaji atashindwa kujua kama futamaji hufuta maji au hufutwa nayo, na hali utata ndio tunaoukimbia. Majina mafupi "kalamu ya maji" na "kalamu ya pasi" nayo yana maana nyingi mno yakisimama peke yake. Tumeamua kwa hiyo kutumia kishazi chenye kitenzi kamili, ingawa ni kirefu.

Chaki ya udongo: chaki bapa ya mshonaji ambayo alama yake hupanguswa.

Chaki ya nta: chaki bapa ya mshonaji ambayo alama yake huyeyuka kwa pasi, ni ya sufu.

Kalamu ya wino utokao kwa maji: alama yake huondolewa kwa maji baridi matupu, kabla ya sabuni na kabla ya pasi.

Kalamu ya wino upoteao hewani: alama yake hupotea yenyewe, nguo isuuzwe kabla ya pasi.

Kalamu ya wino ujifichao kwa joto: alama yake haionekani baada ya pasi, na huweza kurudi kwa baridi kali. Tumechagua kitenzi jificha kwa makusudi, kwa kuwa wino haukutoka.

Kijigurudumu cha kunakilia: kifaa cha kuhamishia michoro ya kiolezo.

Karatasi ya kunakilia kitambaani: karatasi ya rangi itumikayo pamoja na kijigurudumu. Neno kaboni libaki ofisini.

Bandi ya alama: mshono wa muda unaoonyesha njia ya kushona.

Bandi ya vitanzi: alama za uzi zinazotiwa katika vitambaa viwili kwa pamoja na kukatwa katikati.

Mkato wa alama: mkato mdogo wa ukingoni.

Kitilia-mfuo: kifaa butu cha kuacha mkunjo.

Kipande cha sabuni: hakibadilishwi jina.

7. Hitimisho

Tunajua kwamba majina ya kalamu yaliyopendekezwa ni marefu, na kwamba mafundi watayafupisha. Hiyo ni haki yao. Ombi letu kwa watafsiri na walimu ni kwamba jina kamili litajwe angalau mara moja mwanzoni mwa maelekezo, na kila mara katika orodha za ununuzi, mahali ambapo msomaji hana kifaa mbele yake cha kumsahihisha. Akishaliona jina kamili, anaweza kuendelea na "kalamu ya maji" au "kalamu ya joto" bila madhara.

Yale magauni 12, kwa taarifa ya wasomaji, yalitiwa rangi ya buluu iliyokoza na kuvaliwa. Gharama ya rangi walilipa wazazi. Kijitabu kimekwisha kusahihishwa.

Wasomaji walio karibu na mafundi, hasa wa Unguja, Pemba, Lamu na Kigoma, wanaombwa watuandikie majina ambayo vifaa hivi vinayo tayari katika sehemu zao. Jina lililokwisha kuishi mikononi mwa mafundi, kama linajibu swali la yule mwalimu, litatangulizwa mbele ya jina lolote lililoundwa mezani petu. Orodha itapitiwa tena baada ya maoni hayo kupokelewa.